Akalasia pamoja na ngiri ya kiwambo

Akalasia pamoja na ngiri ya kiwambo ni hali ya mtu mmoja kuwa na kasoro mbili za umio kwa wakati mmoja: mlango wa chini wa umio unashindwa kufunguka (akalasia), na sehemu ya tumbo inapanda kifuani kupitia tundu la kiwambo (ngiri ya kiwambo). Hali hii si ya kawaida. Inapotokea huhitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu tiba ya kasoro moja ni kinyume cha tiba ya nyingine. Mwenye akalasia anahitaji mlango ulegezwe. Mwenye ngiri inayomletea kiungulia kikali mara nyingi anahitaji mlango uimarishwe. Ngiri ikirekebishwa peke yake kwa kukaza, mlango ambao tayari umebana hubana zaidi. Mlango ukilegezwa peke yake, asidi ya tumbo hupanda bila kizuizi.

Makala hii inaeleza ugonjwa huo, vipimo vyake na tiba zake, pamoja na njia ya rufaa ya mgonjwa anayetoka wilaya za Ngara na Biharamulo katika mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania.

## Majina

Neno akalasia limetokana na Kigiriki, likiwa na maana ya "kutolegea". Jina hilo linaeleza kiini cha ugonjwa: msuli unaotakiwa kulegea ili chakula kipite haulegei.

Ngiri ni hali ya kiungo cha ndani kutoka mahali pake kwa kupenya uwazi au sehemu dhaifu ya misuli. Watu wengi wakisikia neno hilo hufikiria ngiri ya kinena, ile inayoonekana kama uvimbe chini ya tumbo. Ngiri ya kiwambo ni tofauti. Iko ndani ya kifua, haionekani wala haishikiki kwa mkono, na hugunduliwa kwa vipimo tu.

## Maumbile ya umio na kiwambo

Umio ni mrija wa misuli unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi. Chakula hakishuki kwa uzito wake peke yake: misuli ya umio hujikunja kwa mawimbi yanayosukuma tonge kuelekea chini. Mwisho wa umio kuna msuli wa mviringo ulio kama mlango. Mtu akimeza, mlango hulegea; chakula kikipita, hufunga tena ili asidi ya tumbo isirudi juu.

Kiwambo ni msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na ndio unaoongoza kazi ya kupumua. Kina tundu ambalo umio hupitia. Kwa kawaida mlango wa umio na tundu la kiwambo hukaa mahali pamoja na kusaidiana kuzuia asidi.

Katika akalasia, neva zilizomo ndani ya ukuta wa umio, hasa zile zinazoamuru msuli ulegee, hupungua au hufa. Matokeo yake ni mawili: mawimbi ya kusukuma chakula hupotea, na mlango hubaki umebana. Chakula hujikusanya juu ya mlango, na kadiri miaka inavyopita umio hutanuka na hata kupinda.

Katika ngiri ya kiwambo, tundu la kiwambo huwa pana kuliko kawaida, na sehemu ya juu ya tumbo hupanda kifuani. Aina iliyo ya kawaida kabisa, zaidi ya tisa kwa kila kumi, ni ile ya kuteleza, ambapo mlango wenyewe wa umio hupanda pamoja na tumbo. Aina nyingine ni ile ambayo tumbo hupanda kando ya umio. Hiyo ni adimu lakini ni ya hatari zaidi, kwa kuwa tumbo linaweza kujisokota.

Kwa wagonjwa wenye akalasia, ngiri inayokutwa mara nyingi ni ndogo na ni ya kuteleza.

## Ukubwa wa tatizo

Akalasia ni ugonjwa adimu. Katika nchi zenye takwimu nzuri, hugunduliwa mtu mmoja hivi kati ya watu 100,000 kwa mwaka. Huwapata wanaume na wanawake kwa kiwango kinachokaribiana, hasa watu wazima, ingawa watoto nao wanaweza kuupata. Ngiri ya kiwambo, kwa upande wake, ni ya kawaida na huongezeka kwa umri na unene. Wanaokuwa na zote mbili ni sehemu ndogo ya wagonjwa wa akalasia.

Huko Amerika ya Kusini na ya Kati, ugonjwa wa Chagas, unaoenezwa na wadudu, huharibu neva za umio na kuleta hali inayofanana sana na akalasia. Ugonjwa huo hauenezwi Afrika ya Mashariki.

## Dalili

Dalili kuu ya akalasia ni kushindwa kumeza. Tangu mapema mgonjwa hukwamwa na vyakula vigumu na vinywaji pia: ugali hukwama, na maji nayo hukwama. Dalili nyingine ni:

- chakula kurudi mdomoni saa kadhaa baada ya kuliwa, kikiwa hakijasagika na bila ladha ya uchungu wa asidi;
- mate au chakula kukutwa kwenye mto asubuhi;
- kikohozi cha usiku, na nimonia ya kujirudia kwa sababu chakula huingia mapafuni;
- maumivu ya kifua;
- kupungua uzito, kwa kawaida polepole, kwa miezi au miaka.

Wagonjwa wengi hujifunza mbinu zao wenyewe: kula polepole wakiwa wa mwisho kuondoka mezani, kusimama, kunyoosha mgongo au kunywa maji mengi ili tonge lishuke. Wengine huacha kula mbele ya wageni kwa aibu.

Ngiri ya kiwambo huleta kiungulia, hasa baada ya kula, wakati wa kuinama au kulala. Hapa ndipo utata unapoanza, kwani mwenye akalasia naye anaweza kuhisi moto kifuani. Chakula kilichokaa muda mrefu ndani ya umio huchacha na kuunguza, bila asidi yoyote kupanda kutoka tumboni. Kwa hiyo kiungulia peke yake hakithibitishi kwamba ngiri ndiyo yenye kosa.

### Tofauti na saratani ya umio

Afrika ya Mashariki, Tanzania ikiwemo, ni sehemu ya dunia yenye saratani ya umio kwa wingi. Kwa sababu hiyo kila mtu mzima anayeshindwa kumeza hupaswa kuchunguzwa saratani kwanza. Kwa kawaida saratani huanza kuzuia vyakula vigumu, kisha vilaini, mwisho hata maji, na mgonjwa hukonda haraka katika wiki au miezi michache. Akalasia huenda polepole na huzuia vigumu na vimiminika kwa pamoja.

Hata hivyo dalili hazitoshi kuamua. Uvimbe wa saratani kwenye maungio ya umio na tumbo unaweza kuiga akalasia kabisa. Umri mkubwa, dalili za muda mfupi na kukonda kwa kasi ni mambo yanayomfanya daktari aishuku saratani hiyo iliyojificha. Vilevile, mwenye akalasia ya miaka mingi ana hatari kubwa kuliko watu wengine ya kupata saratani ya umio baadaye.

## Makosa yanayochelewesha tiba

Kwa kuwa ugonjwa ni adimu, wagonjwa wengi hutibiwa kitu kingine kwanza.

- *Vidonda vya tumbo.* Maumivu ya kifua na kiungulia huchukuliwa kuwa vidonda, na mgonjwa hupewa omeprazoli kwa miezi. Dawa hiyo hupunguza asidi lakini haifungui mlango.
- *Kifua kikuu.* Kikohozi cha usiku pamoja na kukonda hufanana na kifua kikuu. Kupima makohozi ni sahihi, ila majibu yakiwa safi na mtu bado hamezi vizuri, umio unapaswa kuchunguzwa.
- *Kukata kimeo.* Katika sehemu mbalimbali za Tanzania waganga wa jadi hukata kimeo kwa mtu mwenye matatizo ya koo au kikohozi. Akalasia iko chini ya kifua, mbali na kimeo. Kukikata hakusaidii, na kunaweza kuleta kutokwa damu na maambukizi.
- *Kulogwa.* Mtu anayekabwa na chakula bila uvimbe wa kuonekana hushukiwa kuwa amelogwa au amelishwa kitu. Miaka hupita, na umio huzidi kutanuka.
- *Kukaza ngiri bila kupima mlango.* Hili ni kosa la hospitalini. Picha ikionyesha ngiri, na mgonjwa akisema ana kiungulia, anaweza kufanyiwa upasuaji wa kuzungushia tumbo kwenye umio ili kuzuia asidi. Kama alikuwa na akalasia isiyogunduliwa, baada ya upasuaji hata maji hayapiti.

## Njia ya rufaa kutoka Ngara na Biharamulo

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo iko mashariki yake, kwenye barabara za kwenda Bukoba na Mwanza. Wakazi wengi ni wakulima wa ndizi, maharage, muhogo na mahindi. Huduma hufuata ngazi za kawaida za Tanzania: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda na hospitali ya taifa.

Ngara ina hospitali za Murgwanza, Rulenge na Nyamiaga, na Biharamulo ina hospitali yake mjini Biharamulo. Katika ngazi hii kazi iliyo muhimu ni kumshuku mgonjwa mapema, kumpima uzito, kumwongezea maji na lishe akiwa amedhoofika, kutibu nimonia, na kumwandikia rufaa bila kumrudisha nyumbani na dawa za vidonda kwa mara ya nne.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kagera iko Bukoba. Hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, mjini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Kutoka Ngara barabara ya Mwanza hupita Biharamulo, Geita na Sengerema, kisha huvuka ghuba ya Ziwa Viktoria kati ya Busisi na Kigongo. Kwa miaka mingi uvukaji huo ulitegemea kivuko. Tangu mwaka 2025 magari hupita juu ya daraja lenye urefu wa kilomita 3 na zaidi. Wagonjwa wanaohitaji utaalamu zaidi hupelekwa hospitali kubwa kama KCMC mjini Moshi au Muhimbili, Dar es Salaam.

Barua ya rufaa inayomsaidia mgonjwa hutaja mambo haya: dalili zilianza lini, kama maji nayo hukwama, uzito wa zamani na wa sasa, dawa alizokwisha kutumia, na picha zote alizopigwa. Mgonjwa asafiri na picha zenyewe, maana kurudia kipimo ni kurudia gharama.

## Vipimo

Endoskopia ni kuingiza mrija wenye kamera kupitia mdomoni. Hutangulia vipimo vingine kwa sababu huonyesha saratani na huwezesha kuchukua kinyama cha kupima. Mwenye akalasia anapaswa kutumia vimiminika tu kwa siku moja au zaidi kabla ya kipimo, kisha akae bila kula wala kunywa kama atakavyoelekezwa, kwa sababu mabaki ya chakula yanaweza kuingia mapafuni.

Eksirei ya kumeza bariamu hufanywa kwa kunywa dawa nyeupe inayoonekana kwenye picha. Katika akalasia umio huonekana mpana juu na mwembamba chini, kama mdomo wa ndege. Picha za dakika ya 1, ya 2 na ya 5 huonyesha dawa imebaki kiasi gani. Kipimo hiki huonyesha pia ngiri na ukubwa wake, na vifaa vyake hupatikana katika hospitali nyingi zaidi kuliko vifaa vya manometria.

Manometria hupima nguvu za misuli ya umio kwa mrija mwembamba unaopitishwa puani. Ndiyo inayothibitisha akalasia na kuigawa katika aina tatu. Aina ya pili ndiyo inayoitikia tiba vizuri kuliko zote; aina ya tatu, yenye mikazo mikali ya umio, ndiyo ngumu. Mgonjwa akiwa na ngiri, mrija unaweza kujikunja ndani ya kifuko cha ngiri bila kuvuka mlango na kuleta majibu ya uongo. Hapo mrija huweza kupitishwa kwa msaada wa endoskopia.

Skani ya CT hutumika pale saratani iliyojificha inaposhukiwa, au ngiri inapokuwa kubwa.

## Tiba

Hakuna tiba inayorudisha neva zilizokufa. Tiba zote hulenga kulegeza mlango ili chakula kishuke kwa uzito wake.

### Dawa

Nitrati na nifedipini hulegeza msuli kwa muda mfupi. Nguvu yake ni ndogo, na huleta maumivu ya kichwa na kushuka kwa shinikizo la damu. Hutumika kwa anayengoja tiba nyingine au asiyeweza kuifanyiwa.

### Sindano ya botulini

Dawa hii huchomwa kwenye mlango wa umio kupitia endoskopia. Nafuu hudumu kwa miezi kadhaa, kisha dalili hurudi. Inafaa zaidi kwa wazee na wagonjwa dhaifu wasiomudu upasuaji. Mwenye ngiri ana mlango uliohama, hivyo mtaalamu hana budi kuutambua vizuri kabla ya kuchoma.

### Kutanua kwa puto

Puto gumu huingizwa hadi kwenye mlango na kujazwa hewa ili kukata nyuzi za msuli. Huanza la milimita 30, na likihitajika hufuata la 35 au 40. Uchunguzi wa nchi za Ulaya uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili wagonjwa 86 kati ya 100 waliotanuliwa kwa puto walikuwa na nafuu, wakati waliopasuliwa walikuwa 90. Hatari yake kuu ni umio kutoboka, jambo linalowapata wagonjwa wawili hivi kati ya 100. Kwa hiyo hufanywa tu mahali penye daktari wa upasuaji aliye tayari.

Ngiri ndogo haizuii tiba hii. Ngiri kubwa huifanya iwe ngumu na ya hatari zaidi, na puto haliirekebishi: mgonjwa atameza vizuri, lakini ngiri na asidi yake zitabaki.

### Upasuaji wa Heller pamoja na kurekebisha ngiri

Huu ndio upasuaji unaoshughulikia kasoro zote mbili kwa mara moja, na kwa mgonjwa mwenye nguvu za kutosha mara nyingi ndio unaochaguliwa. Hufanywa kwa dawa ya usingizi (nusukaputi), kwa njia ya matundu madogo au kwa kufungua tumbo. Hatua zake ni hizi:

1. Tumbo lililopanda kifuani hurudishwa chini mahali pake.
2. Sehemu ya chini ya umio hulegezwa kutoka tishu zinazouzunguka, mpaka mlango ukae chini ya kiwambo bila kuvutwa.
3. Msuli wa mlango hukatwa kwa urefu, sentimita 6 hivi juu kwenye umio na 2 hadi 3 kwenye tumbo. Utando wa ndani haukatwi.
4. Tundu la kiwambo hushonwa lipungue, bila kuubana umio.
5. Sehemu ya juu ya tumbo hukunjwa na kushonwa ifunike nusu au zaidi ya umio, ili kuzuia asidi.

Mkunjo huo wa mwisho ukiwa wa mbele huitwa mkunjo wa Dor. Ukiwa wa nyuma huitwa wa Toupet. Mkunjo kamili unaozunguka umio wote huepukwa, kwa sababu umio usio na mawimbi hauna nguvu ya kusukuma chakula kupita hapo. Umuhimu wa mkunjo ulionekana katika uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2004: waliokatwa msuli bila mkunjo walipata kucheua asidi kwa asilimia 48 hivi, na waliowekewa mkunjo wa Dor asilimia 9.

### Kukata msuli kupitia mdomoni

Njia hii, ijulikanayo kwa kifupi POEM, hukata msuli kwa kutumia endoskopia bila jeraha la nje. Hufaa sana kwa akalasia ya aina ya tatu, kwani msuli unaweza kukatwa kwa urefu mkubwa zaidi. Udhaifu wake ni kwamba hairekebishi ngiri wala haiweki mkunjo. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, miaka miwili baada ya tiba michubuko ya asidi katika umio ilikutwa kwa asilimia 44 ya waliofanyiwa POEM, na asilimia 29 ya waliofanyiwa Heller na mkunjo. Kwa mwenye ngiri kubwa njia hii kwa kawaida si chaguo la kwanza.

### Kuondoa umio

Umio uliotanuka na kupinda sana, ambao tiba nyingine zimeshindwa kuusaidia, unaweza kuondolewa na tumbo kuvutwa juu kuchukua nafasi yake. Ni upasuaji mkubwa, na ni wa mwisho.

## Baada ya tiba

Mgonjwa wa Heller huanza na vimiminika, kisha hula vyakula laini kwa wiki mbili hivi: uji, mtori, ndizi zilizopondwa, maharage yaliyosagwa na kuchujwa, mayai laini. Nyama, ugali mgumu na muhogo hurudi taratibu. Kulima, kubeba ndoo ya maji, kuni au mkungu wa ndizi huahirishwa kwa wiki sita hivi, kwa sababu kujikaza kunaweza kufumua mshono wa kiwambo na kurudisha ngiri. Familia inapaswa kulijua hilo kabla mgonjwa hajaruhusiwa.

Dalili za kurudi hospitalini mara moja ni homa, maumivu makali ya kifua au tumbo, kupumua kwa shida, na uvimbe wa hewa chini ya ngozi ya shingo. Zinaweza kuashiria umio uliotoboka.

Katika maisha ya kila siku inashauriwa kula ukiwa umeketi wima, kutafuna vizuri, kunywa maji pamoja na chakula, na kumaliza kula saa tatu kabla ya kulala. Kichwa cha kitanda huinuliwa sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka vipande vya mbao au matofali chini ya miguu yake. Wagonjwa wengine huhitaji omeprazoli kwa muda mrefu. Safari hii ina kazi, kwa kuwa mlango sasa uko wazi.

Kumeza hakurudi kama zamani kabisa, lakini wengi hula tena pamoja na wenzao na kurudisha uzito. Dalili zikirudi, hutafutwa sababu: msuli haukukatwa wote, kovu, mkunjo uliobana, ngiri iliyorudi, au saratani.

## Historia

Mgonjwa wa kwanza anayejulikana alielezwa na daktari Mwingereza Thomas Willis mwaka 1674. Willis alimtengenezea kijiti cha mfupa wa nyangumi chenye sifongo mwishoni, ambacho mgonjwa alikitumia mwenyewe kusukuma chakula tumboni kwa miaka 15. Mwaka 1913 Ernst Heller wa Ujerumani alikata msuli wa mlango kwa mara ya kwanza, mbele na nyuma. Baadaye ilionekana kwamba mkato mmoja unatosha. Mikunjo ya Dor na Toupet ilibuniwa Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Upasuaji kwa matundu madogo ulielezwa Uskoti mwaka 1991, na Haruhiro Inoue wa Japani alifanya POEM ya kwanza kwa binadamu mwaka 2008.

## Tazama pia

- Umio
- Kiwambo
- Saratani ya umio
- Kiungulia
- Wilaya ya Ngara
- Wilaya ya Biharamulo